Pampu Imegoma Kuwaka: Fungua Plagi Kabla Hujanunua Kabureta

Kuanzia Mei, mvua zikishakatika na mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Matumbulu, hapa Dodoma, yakianza kutegemea pampu, simu ninazopokea ni za aina moja. "Fundi, jana ilikuwa inavuta maji vizuri, leo nimevuta kamba mpaka bega linauma, haijakohoa hata mara moja." Wa pili ana jenereta ya saluni. Wa tatu ana mashine ya kupukuchulia mahindi kule Kibaigwa. Na mimi nawauliza wote jambo moja: plagi umeifungua? Imelowa au ni kavu?

Julai moja alikuja mkulima na pampu ya inchi mbili imefungwa nyuma ya bodaboda. Alikuwa ameshanunua plagi, kabureta na koili (inayozalisha umeme wa plagi), vyote vipya, na bado imegoma. Niliiweka sakafuni, nikachomoa kijiti cha oili. Kilitoka kikavu, kina weusi kidogo tu kwenye ncha. Injini yake ina kihisi kinachokata moto oili ikipungua. Tukaongeza oili, na kamba ya pili ikawaka. Akabaki amesimama na kabureta yake ya zamani mkononi, kabureta isiyokuwa na kosa lolote. Zabibu zake ndio kwanza zilikuwa zinajaza punje kwa ajili ya mavuno ya Agosti, na zilikuwa zimekaa siku nne bila maji. Siku hizo nne ndizo zinazoniuma kuliko hela aliyotupa.

Kwa hiyo nimeandika utaratibu ninaoufuata mwenyewe, kuanzia kilicho rahisi na kisicho na gharama. Ni kwa injini ndogo ya petroli ya silinda moja inayowashwa kwa kamba: ya pampu, jenereta, mashine ya kupukuchua, ya kukata majani. Nimelenga zaidi zile za stroki nne, zenye oili yake chini. Za stroki mbili, ambazo oili huchanganywa kwenye petroli, nitazitaja panapotofautiana.

Nadharia ni fupi. Injini inataka petroli nzuri, hewa safi, moto wa plagi, na kompresheni, yaani pistoni iweze kubana ule mchanganyiko. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Kazi yako ni kujua ni kipi, na plagi ndiyo itakayokuambia.

Andaa hivi kwanza

- Spana ya plagi. Pampu nyingi za mtaani hutumia namba 21.
- Spana namba 10, bisibisi bapa na ya nyota, na plaizi yenye mpini wa plastiki.
- Petroli mpya nusu lita, uliyoinunua leo kituoni, kwenye chombo safi na kikavu.
- Chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani.
- Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme.
- Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kama unayo, brashi ndogo ya waya, kitambaa, na beseni la kukingia.
- Oili ya injini, na plagi mpya yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Fanyia kazi nje, kivulini, injini ikiwa imepoa. Jiko la mkaa, sigara na mtoto wa kuchungulia vikae mbali. Jenereta usiijaribu ndani ya chumba hata kama mlango uko wazi, kwa sababu ndani ya moshi wake kuna gesi isiyo na harufu, na inaua. Kama ni pampu, jaza maji kwenye kasha lake kabla ya kujaribu kuwasha, maana ikizunguka kavu sili huungua na utakuwa na tatizo la pili.

Hatua ya 1: Mambo ya dakika mbili

Swichi iko kwenye kuwaka? Koki ya mafuta iko wazi? Petroli ipo kwenye tenki, au unaitazama tu geji? Usione aibu kukagua haya. Pampu ikibebwa kwenye pikipiki, swichi na koki huguswa na mzigo bila mtu kujua.

Halafu oili. Weka injini mahali tambarare kabisa, siyo kwenye mteremko wa kingo za bwawa. Futa kijiti, kirudishe, kichomoe, soma. Kwenye injini nyingi za pampu kijiti hupimwa bila kukazwa, ila mtengenezaji wako akisema vingine mfuate yeye. Pampu za ukubwa wa cc 160 hadi 200 hubeba oili kama lita 0.6 tu, kwa hiyo hata kikombe kimoja kikipungua ni kingi. Usijaze kupita kiasi pia. Oili ikizidi huingia kwenye silinda na kulowesha plagi.

Mwisho choki, kile kifuniko cha kabureta kinachopunguza hewa ili petroli izidi. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Dodoma ikiwa kali, injini haiwaki bila kufunga choki. Ikishapata moto, choki ile ile itaizuia kuwaka. Ukiwa umeizima dakika tano zilizopita ukaivuta tena ikiwa na choki, umeizamisha mwenyewe kwa petroli.

Hatua ya 2: Tazama petroli yenyewe

Hapa ndipo injini nyingi ninazoletewa huponea. Toa petroli kidogo kutoka chini ya tenki au chini ya kabureta, uimimine kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie dakika kumi. Kama ina maji, utayaona yamekaa chini, kuna mstari kati yake na petroli. Kisha nusa. Petroli mpya ina harufu kali inayopanda puani. Iliyolala inanuka kama rangi ya mafuta au vanishi, na rangi yake imekolea.

Petroli huanza kuchoka baada ya kama siku 30, na joto letu linaiharakisha. Ikikaa miezi mitatu ndani ya kabureta inakauka na kuacha gundi ya njano inayoziba matundu. Pampu iliyowekwa stoo Desemba ikatolewa Mei, wala sihitaji kuuliza.

Ya kununua kwenye chupa kijijini naielewa. Kituo kiko mbali, na mtu ana elfu tatu mkononi. Lakini ipime. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani yake. Mwaga, tena siyo kwenye udongo wa shamba, osha tenki kwa petroli kidogo safi, jaza mpya.

Kwa stroki mbili, soma kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko cha tenki. 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. Kukadiria kwa kizibo cha soda ndiko kunakozima plagi kila wiki.

Hatua ya 3: Kifuniko cha tenki

Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na vumbi, petroli inagoma kushuka. Legeza kifuniko, vuta kamba. Ikiwaka, safisha tundu hilo na umemaliza.

Hatua ya 4: Fungua plagi

Vuta kamba mara tano au sita ukiwa na choki, kisha fungua plagi hapo hapo. Kabla hujalegeza, puliza au futa vumbi lote pembeni mwake. Huku kwetu vumbi hukaa pale kama unga, na ukiifungua bila kufuta linadondokea ndani ya silinda na kukwaruza kuta. Kisha shika ile ncha, itazame juani, inuse.

*Kavu, haina harufu ya petroli:* mafuta hayafiki. Fanya jaribio la moto la hatua ya 5 haraka, kisha nenda hatua ya 6.

*Imelowa petroli:* mafuta yanafika, ila hayaungui. Aidha moto hakuna, au imezama. Hatua ya 5, kisha ya 7.

*Nyeusi, ina masizi makavu kama ya sufuria ya kuni:* petroli nyingi, hewa kidogo. Kagua chujio la hewa na choki.

*Nyeusi, inateleza kwa oili:* oili inapanda kwenye silinda. Imezidi, au ringi za pistoni zimechoka, au injini ililazwa ubavu wakati wa kusafirishwa.

*Kahawia hafifu:* plagi nzuri, ilikuwa inachoma sawasawa.

Isafishe kwa brashi, kisha pima mwanya. Injini nyingi za pampu hutaka milimita 0.7 hadi 0.8. Ukiwa mkubwa, gonga taratibu ule mkono wa pembeni. Kaure nyeupe ikiwa na ufa, tupa.

Hatua ya 5: Jaribu moto

Rudisha plagi kwenye kofia yake. Funga koki, funga tenki, futa petroli yote iliyomwagika, na usogee mbali na lile tundu la plagi, kwa sababu ndani yake kuna mvuke unaoweza kulipuka. Shika plagi kwa plaizi yenye mpini wa plastiki, chuma chake kiguse chuma kitupu cha injini, siyo palipopakwa rangi. Washa swichi. Mwenzako avute kamba.

Fanya hivi mahali penye kivuli kizito. Nimeona watu wakikata tamaa na koili nzima kwa sababu walitazama cheche kwenye jua la saa saba mchana, na cheche haionekani hapo. Kivulini utaiona ya bluu, nene, ina mlio wa "ta, ta". Ikiwa nyembamba na ya njano, ni dhaifu.

Hakuna cheche? Fuata mpangilio huu:

a) Weka plagi mpya ujaribu tena. Plagi ni bei ndogo kuliko kila kitu kinachofuata.

b) Chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi na kihisi cha oili. Jaribu plagi ikiwa bado iko nje. Cheche ikirudi, koili yako ni nzima, na kosa liko kwenye swichi, waya uliochunika, au kihisi. Usiwashe injini huku waya huo umechomolewa, kwa sababu swichi haitaizima tena.

c) Bado hakuna? Fungua kava la kamba, utazame mwanya kati ya koili na flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku. Kwa injini nyingi za aina hii ni karibu milimita 0.4. Sumaku ikiwa na kutu, isugue kwa msasa laini. Rudisha koili, kaza, jaribu.

d) Ukifika hapa bila cheche, sasa nunua koili.

Hatua ya 6: Plagi ni kavu, kwa hiyo fuata njia ya petroli

Kwanza pata uhakika. Tia nusu kijiko cha chai cha petroli kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, kaza, vuta. Ikishtuka ikawaka sekunde mbili ikazima, moto na kompresheni vipo, tatizo ni mafuta kutofika. Usizidishe kijiko, na usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anavuta kamba. Injini ikirudisha moto nyuma, unaungua uso.

Sasa legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta, weka beseni, fungua koki. Petroli inapaswa kutiririka mfululizo. Ikidondoka tone tone, kizuizi kiko juu: kichujio cha ndani ya tenki, mpira uliojikunja, au kikombe kidogo cha uchafu chini ya koki. Kile kikombe hufunguka kwa spana 10. Wengi hawajui kuwa kipo, na nimeshakikuta kimejaa tope la mchanga wa mtoni.

Ikitiririka vizuri na plagi bado ni kavu, tatizo liko ndani ya kabureta:

1. Funga koki. Fungua boliti iliyo chini ya bakuli, ulishushe bila kuchana gasketi. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, hayo ni mabaki ya maji.
2. Inua boya kwa kidole na uliachie. Liende huru. Litikise sikioni, ukisikia petroli ndani, limetoboka.
3. Jeti kuu, kile kiskrubu chenye tundu la kupitishia petroli, iko katikati, ndani ya ile nguzo. Ifungue kwa bisibisi inayolingana nayo, kwa sababu ni ya shaba na hupasuka kichwa kirahisi. Iinue uielekeze angani. Unapaswa kuona tundu la mviringo kamili, dogo kama ncha ya sindano. Ukiona giza au umbo la mwezi mchanga, imeziba.
4. Ichokonoe kwa ule uzi wa shaba, uisuuze kwa petroli safi, uipulize. Usitumie msumari, sindano wala waya wa chuma. Shaba ikikwaruzwa, tundu hupanuka, na injini itakunywa petroli maisha yake yote.
5. Puliza pia yale matundu madogo ya pembeni, yanayolisha injini ikizunguka polepole. Vipande vya mpira usiviloweke kwenye tina (thinner ya rangi).
6. Rudisha, fungua koki, subiri dakika moja utazame kama inavuja.

Skrubu za kurekebishia usizizungushe kwa kubahatisha. Ikibidi kutoa moja, hesabu mizunguko ya kuifunga mpaka mwisho, uandike, uirudishe vile vile.

Jambo lingine ambalo mafundi wenzangu hulisema na mimi silikubali: kwamba Dodoma iko juu, kwa hiyo jeti ibadilishwe. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Watengenezaji wakubwa huzungumzia kubadilisha jeti kwa anayefanyia kazi zaidi ya mita 1,500. Injini yako itapoteza nguvu kidogo ukilinganisha na Dar es Salaam, lakini mwinuko wetu hauizuii kuwaka.

Hatua ya 7: Plagi imelowa na moto upo

Imezama. Toa plagi, ikaushe. Funga koki, fungua choki, akseleta yote, vuta kamba mara nane hadi kumi plagi ikiwa nje na kofia yake ikiwa mbali na tundu, ili petroli itoke. Acha dakika kumi. Rudisha plagi, vuta bila choki.

Ikizama kila mara, tazama vitu viwili. Nido, kile kisindano kinachofunga petroli boya likipanda, haifungi, petroli inapita bila kizuizi. Dalili yake ni kabureta kudondosha hata injini ikiwa imezimwa. Au chujio la hewa, lile mafundi huita eya klina, limeziba. Kwa vumbi la Agosti na upepo wake, sponji lioshwe kila wiki kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kabisa, kisha lidondoshewe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi ligongwe taratibu, lisiloweshwe.

Tafadhali usiendeshe injini bila chujio, hata kwa siku moja. Najua inawaka vizuri ukilitoa. Lakini vumbi linaingia moja kwa moja kwenye ringi, na msimu haujaisha utakuwa unatafuta pistoni.

Hatua ya 8: Kompresheni

Vuta kamba polepole. Inapaswa kufika mahali ikagoma, kisha ikapita. Ikienda laini tu kama unavuta kamba ya ndoo, inavuja. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, vuta tena. Ukiona inabana vizuri zaidi, ringi zimechoka. Isipobadilika, valvu hazifungi au gasketi ya hedi imeungua.

Valvu unaweza kuzipima mwenyewe injini ikiwa baridi. Nyingi za ukubwa wa cc 160 hadi 200 hutaka mwanya wa milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea moshi. Kazi ya ringi mpe fundi.

Ikiwa tatizo lako ni la namna nyingine

*Inawaka ikiwa baridi, ikipata moto na kuzimwa haikubali tena.* Jaribu moto hapo hapo ikiwa na joto. Cheche ikikosekana, koili inakufa kwa joto. Cheche ikiwepo, pima valvu injini ikishapoa, huenda zimebana sana.

*Inawaka kwa choki tu, ukifungua inazima.* Jeti imeziba nusu, au hewa inaingia kwenye gasketi kati ya kabureta na silinda. Rudi hatua ya 6.

*Inawaka, baada ya dakika kadhaa inazima taratibu.* Kifuniko cha tenki au kichujio cha mafuta.

*Kamba inanyang'anywa mkononi kwa nguvu.* Moto unakuja kabla ya wakati. Mara nyingi kifunguo cha flaiwili, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti, kimekatika, hasa kama injini iligonga au kusimama ghafla. Acha kuvuta, utavunja kidole.

*Kamba haivutiki kabisa.* Toa plagi, vuta tena. Ikilegea na maji au oili yakaruka nje, silinda ilikuwa imejaa. Isipolegea na ni pampu, fungua kasha la pampu uangalie kama mchanga umekwamisha feni yake.

*Moto upo, petroli ipo, kompresheni ipo, haiwaki.* Chungulia ekzosi. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba la moshi la injini iliyokaa stoo, na udongo wao ni mgumu kama tofali. Jenereta moja iliyoletwa kwangu ilikuwa na viota vinne vimepangana, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha plagi mara mbili. Kwa stroki mbili, masizi ya oili huziba vile vile. Fungua bomba, kwangua, puliza.

*Oili imeongezeka yenyewe na inanuka petroli.* Nido inavujisha, petroli imeshuka mpaka chini. Usiwashe. Tengeneza nido, mwaga oili yote, weka mpya, na kuanzia leo funga koki kila unapozima.